Lugano Alisema Iache

"Agizo limepokelewa kama lilivyotamkwa," Mkwe alisema. "Una swali lingine?"

Tusekile hakuwa na swali lingine. Alikuwa na lilelile la tangu asubuhi. Alikuwa ameshaligeuza huku na huku, akalivika heshima, akalivua, na kila alipolitoa lilimrudia kama mbuzi aliyezoea zizi.

Jina la kazini la ile mashine lilikuwa Karani wa Maagizo, lakini Tukuyu nzima iliiita Mkwe. Ilikaa nyuma ya pazia la kijivu. Wewe huioni, yenyewe inakusikia, na ukishatamka neno mbele yake, basi limetamkwa. Akina mama ndio walioipa hilo jina, wao waliolelewa kupita nyuma ya nyumba ili wasikutane uso kwa uso na baba wa mume. Hata pazia ni wao walioliomba. Mashine ilikuja na kioo chake kinang'aa, wakasema hatuwezi kuzungumza mambo ya miili yetu huku kitu kinatukodolea macho. Wakubwa wa Swichini, kituo cha kuwasha na kuzima jeni, wakakubali. Tusekile alifikiri kwamba hilo ndilo jambo pekee ambalo Swichini iliwahi kukubali tangu ijengwe.

"Dada yangu aliposema iache," alisema tena, "alimaanisha ibaki hivyohivyo. Ibaki wazi. Wewe ukaifunga."

"Kuacha ni kusitisha," Mkwe alisema kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. "Kwa mfano, sigara iache."

"Na chenji je? Mtu akikwambia chenji iache, unaisitisha?"

"Swali hilo halihusiani na huduma zetu."

Nyuma yake kwenye foleni, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akaegemea mbele. "Muulizie na mimi, mwanangu. Mke wangu ameniacha. Nimesitishwa au nimebakizwa?"

Foleni ikacheka. Siku nyingine hata Tusekile angecheka. Leo alitamani kulivuta lile pazia, alishike hilo limkwe lisilo na shingo, alitikise mpaka Kiswahili kiliingie.

Fundi Ambokile alitoka kwenye karakana yake akijifuta mikono na kitambaa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayeinama kwenye kila mlango hata ulio juu. Yeye ndiye aliyewahudumia siku ile ya agizo. Chumbani walikuwa watatu tu, Tusekile, dada yake Lugano na fundi, na Mkwe ukutani. Fundi akauliza kama anavyomuuliza kila mtu kila mwaka, jeni ya utotoni tunaifanyaje? Lugano akasema iache. Fundi akaitikia haya, Tusekile akabeba mkoba, wakatoka wakaenda kununua maparachichi. Hakuna aliyeshtuka. Nani anashtuka kwa neno iache?

"Njoo ndani," fundi alisema. "Unanifukuzia watu."

"Nieleze tena ilivyofungwa," Tusekile alisema walipokaa. "Nikielewa vizuri nitakuwa na hasira iliyonyooka. Hii niliyonayo imepinda."

"Si upo kidato cha sita? Hamjafundishwa?"

Alifundishwa, tena kabla ya shule. Alifundishwa na Lugano mwenyewe, mbele ya sanduku la marehemu mama yao, siku ambayo Tusekile mdogo aliuliza kwa nini dada anapelekwa kuchomwa sindano na yeye hapelekwi. Lugano alikuwa anajifunza cherehani, kwa hiyo kila kitu duniani alikieleza kwa cherehani. Kila seli ya mwili wako, alisema, ina sanduku kama hili, na ndani mna nguo za mwili mzima. Seli ya jicho ina nguo za ini, ya ini ina za jicho. Ila nguo iliyokunjwa haivaliki. Seli inakunjua ile inayoihitaji, na hata hiyo haitoki sandukuni. Anakuja fundi, anachukua vipimo vyake kwenye karatasi, anakata sehemu zisizotakiwa, anaunganisha zilizobaki, halafu karatasi inatoka nje kwenye vyerehani. Hivyo vyerehani ndivyo vinavyoshona protini.

"Na ukitaka nguo isishonwe?" Tusekile mdogo aliuliza.

"Njia ziko nyingi. Unaikunja ngumu isikunjuke. Unamzuia fundi asifike. Unaichana karatasi ikiwa njiani. Hata ikishashonwa unaweza kuichoma. Mwili unazitumia zote, ndiyo maana pua yako haioti meno."

Lugano alizaliwa na damu ya selimundu. Tumboni mwa mama alikuwa mzima, kwa sababu tumboni kila mtoto hutumia jeni ya damu ya utotoni. Ukishazaliwa anakuja mlinzi, nayo ni protini kama protini nyingine, anaikunja hiyo jeni na kukaa juu yake, na damu ya ukubwani inaanza kazi. Damu ya ukubwani ya Lugano ndiyo yenye ubaya. Chembe zake zinajipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na mtu anaumwa mifupa mpaka anang'ata shuka. Kwa hiyo Swichini walifanya ujanja. Kila mwaka walipandikiza kwenye uboho wa mifupa yake mtambo mdogo usioonekana, wa kutoa wanyamazishi, vijiuzi vya kuichana karatasi ya mlinzi kabla haijafika kwenye vyerehani. Na mtambo huo ulimsikiliza Mkwe. Mlinzi asiposhonwa, hakuna wa kukunja. Damu ya utotoni inaendelea kutoka kama vile mtu hajazaliwa.

"Mkwe aliambiwa iache," fundi Ambokile alisema, "akauzima mtambo. Mlinzi akarudi kazini. Hatukuona mapema kwa sababu chembe nyekundu zilizokwisha kutoka zinaishi maisha yake mpaka zichakae. Nyinyi mko nyumbani mnakula, kumbe kiwandani wameshabadilisha nguo."

"Basi uwashe."

"Siwezi bila agizo."

"Muulizeni Lugano."

"Sheria," fundi alisema, na akalitamka hilo neno kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. "Mwenye maumivu hawezi kuagiza juu ya jeni zake, maana mwenye maumivu atakubali chochote. Na aliyepewa dawa ya maumivu pia hawezi, maana hana akili timamu."

"Kwa hiyo asipopewa dawa anaumwa, hasikilizwi. Akipewa dawa amelewa, hasikilizwi."

"Ndiyo."

"Na haachi kuumwa kwa sababu mmeifunga."

"Ndiyo, mdogo wangu. Usinitazame hivyo. Mimi nashughulika na vijiuzi tu." Akashusha sauti. "Daktari wake amenipigia. Kifua kimeanza. Ugonjwa ukishuka kwenye mapafu, mambo yatakuwa mengine. Ila njia ipo moja. Shahidi aliyekuwepo anaweza kusimama mbele ya Mkwe na kueleza neno lilimaanisha nini. Umefika umri?"

"Nimefika."

"Basi rudi kabla hatujafunga. Nitakuwekea nafasi. Sema alimaanisha ibaki wazi, na leo hii nawasha."

Tusekile alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Asubuhi nzima. Asubuhi nzima alikuwa anagombana na pazia, na mtu aliyejua njia alikuwa karakanani anajifuta mikono.

*

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa barabara. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha kama kawaida yake, haina haraka wala haina mpango wa kukatika. Lugano alilala kwa ubavu, goti moja limekunjwa na mguu mwingine umenyooka kama si wake. Dawa ilikuwa inaisha mwilini. Tusekile aliijua saa hiyo kwa midomo, ilikuwa inakauka na kuwa myeupe pembeni.

"Nimeshinda," alisema akivua viatu vilivyolowa. "Yaani nimehangaika na lile limkwe, dada, we acha tu. Lakini jioni wanafungua. Nikasimame tu niseme ulimaanisha nini."

Lugano aligeuza shingo. Alitazama ukuta.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kaa, Tuse."

"Nimelowa."

"Kaa hivyohivyo." Akavuta pumzi, ikakatikia katikati kwa sababu ya kifua. "Mkwe hakukosea."

Tusekile alibaki na kiatu mkononi.

"Nilimwambia iache, akaacha," Lugano alisema. "Tangu nizaliwe ni mara ya kwanza mtu ananielewa palepale."

"Una dawa kichwani. Hujui unachosema."

"Siku ile sikuwa na dawa. Nilikuwa mzima, nimevaa gauni la kijani, tukaenda tukanunua maparachichi."

"Na ukanyamaza." Sauti ya Tusekile ilianza kupanda, mgonjwa wa kitanda cha jirani akafungua jicho. "Mimi natukanana na pazia mbele ya watu, nafundisha mashine chenji na sigara, wewe uko hapa unajua. Kwa nini?"

"Ulimuona baba akizikwa?"

"Nilikuwepo, dada."

"Mimi sikuwepo. Nilikuwa nagawa chai."

Ni kweli. Msiba wa baba yao ulikuwa mkubwa, wanawake walilia mpaka sauti zikapasuka, wakacheza kilio kama desturi inavyotaka, na katikati yao Lugano alipita na sinia, macho makavu, anauliza nani hajapata sukari. Shangazi Subilaga alisema mbele za watu, wala hakunong'ona, "Huyu ni mtoto wa marehemu au ni mpishi tumekodi?" Tusekile alimchukia shangazi siku hiyo. Alifikiri dada yake ni jasiri.

"Nilikwenda nyuma ya migomba nikajifinya," Lugano alisema. "Hapa, mapajani, mpaka pakavilia damu. Hakuna kilichotoka. Nilijua baba amekufa kama ninavyojua Dodoma ni makao makuu. Nilikuwa nalijua tu. Halikushuka." Akagusa kifua. "Ndipo nikaanza kuhesabu nyuma. Mara ya mwisho kulia ilikuwa lini? Nikakuta ni kabla ya Swichini. Nililia sana utotoni, unaambiwa. Nikaanza sindano, nikaacha kulia. Watu wakanisifu. Na mimi nilidhani ndio kukua."

"Huenda ni bahati tu. Watu wengine hawalii."

"Huenda. Ndiyo maana nikasema iache. Nilitaka kujua ni wao au ni mimi."

Maumivu yalimpitia. Ulikuwa unayaona yakipanda kutoka kwenye paja kama mtu anayepanda ngazi, akafika mabegani, akasimama hapo. Lugano alishika chuma cha kitanda. Yalipolegea kidogo alikuwa analia. Machozi yalipita puani yakaingia mdomoni, wala hakuyafuta.

"Hayo ni ya mguu," Tusekile alisema.

"Nusu. Nusu ni ya baba. Juzi nimemlilia baba, nikamlilia mama, Tuse, nimemlilia mpaka yule mbwa wetu aliyegongwa na trekta." Akacheka, kicheko kikamuumiza, akalia zaidi. "Nimechelewa, nina foleni ndefu."

"Utakufa."

"Naweza. Naweza pia nisife. Watu waliishi nayo."

"Walioishi ndio waliokuja kusimulia. Waliokufa hawakusimulia."

Lugano alifumba macho.

"Ukisema unavyotaka wewe, nitapona na nitakupikia na nitakuja harusini kwako nigawe chai," Lugano alisema bila kufumbua. "Siyo maisha mabaya. Nakwambia ukweli. Ningekuwa na nguvu ningesema labda tujaribu tena, labda kuna namna. Lakini sina sauti. Sauti unayo wewe. Nenda ukaseme nilichosema."

"Na nikisema vingine?"

"Watakusikiliza," Lugano alisema. "Hapo ndipo tatizo lilipo."

*

Fundi Ambokile alikuwa anafunga madirisha aliposikia mlango.

"Mlinzi anafanya kazi wapi kwingine?" Tusekile aliuliza, hata salamu hakutoa. "Mbali na damu."

Fundi alishika dirisha kidogo kabla ya kugeuka. "Kwenye ubongo," alisema. "Protini moja, kazi tofauti. Kwenye uboho anakunja damu ya utotoni. Kwenye ubongo anakunja vitu vingine, hatujavijua vyote. Mwili haupendi kuajiri watu wapya, anayefaa huku anapelekwa na kule."

"Na wanyamazishi?"

"Tunawaelekeza kwenye uboho. Wachache wanapotea njia."

"Wanafika ubongoni wanachana karatasi zake huko."

"Huenda. Kidogo. Kwa baadhi ya watu."

"Mbona hamkusema?"

"Imo kwenye maelezo," fundi alisema, kisha akaona aibu. "Hatukuwahi kupata malalamiko. Nani atakuja hapa kulalamika kwamba halii?"

Tusekile alitaka kumpiga mtu, na aliyekuwepo ni huyu tu, na huyu alikuwa anainamisha kichwa kama mlango ni mfupi. Hiyo ndiyo ilimchosha kuliko yote. Kila aliyemgeukia hakuwa na kosa kamili la kukamatika. Fundi anashughulika na vijiuzi. Sheria imetungwa ili mwenye maumivu asionewe. Mashine imefanya ilichoambiwa. Na Lugano, Lugano alikuwa amelala pale na mguu wake, anadai kitu ambacho Tusekile hawezi kukikataa wala kumpa kwa moyo mmoja.

"Si mnaweza kuwaelekeza vizuri zaidi? Waende kwenye mifupa tu?"

"Kuna wanaolifanyia kazi. Miaka miwili. Mitatu."

"Ana kifua, fundi. Hana miaka mitatu. Hana hata wiki."

"Najua." Akamsogelea. "Sikiliza, mimi pia nilikuwepo chumbani. Neno nililisikia, maana yake sikuijua. Hakuna atakayejua. Ukisema alimaanisha ibaki wazi, nitaitikia, na dada yako atapumua. Akipona mtagombana. Watu wazima wanagombana, siyo dhambi. Mgombane akiwa hai."

Yalikuwa maneno mazuri. Tusekile aliyabeba mpaka mbele ya pazia, na njia nzima yalikuwa bado mazuri.

Ukumbi ulikuwa mtupu, foleni imeshakwenda nyumbani. Mkwe alimtambua kwa sauti.

"Shahidi Tusekile. Mwenye mwili alipotamka iache, alimaanisha jeni ya utotoni ibaki wazi. Thibitisha."

Midomo yake ilifunguka. Alimuona Lugano na sinia la chai kwenye harusi yake, mwenye afya, amenenepa kidogo, anauliza nani hajapata sukari. Alimpenda huyo Lugano. Ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemwamsha shule, akamsuka, akamfundisha mbele ya sanduku. Huyu mwingine anayelia mpaka kwa ajili ya mbwa alikuwa amemfahamu mchana wa leo tu.

Na alikuwa amemuomba kitu kimoja.

"Kimya kimezidi," Mkwe alisema. "Kama huthibitishi, je, agizo la mwanzo niliache?"

Tusekile aliinua kichwa. "Umesemaje?"

"Agizo la mwanzo niliache?"

"Uliache ulifute, au uliache lilivyo?"

"Lilivyo."

"Asubuhi uliniambia kuacha ni kusitisha."

Pazia halikutikisika. Nyuma yake kitu kilivuma taratibu, kama jiko la gesi linalokaribia kuisha.

"Naomba ufafanuzi wa swali," Mkwe alisema.

"Umemkamata," fundi Ambokile alinong'ona pembeni, na macho yake yaling'aa. "Kajikanyaga mwenyewe. Kwa hilo tu agizo linaanguka, mtambo nauwasha, hata maana ya Lugano haitafutwi tena. Sema limeanguka. Sema tu."

Hicho ndicho alichokitafuta tangu asubuhi. Alikuwa na haki tangu asubuhi, neno lina pande mbili kama alivyosema, na sasa mashine yenyewe imekiri kwa mdomo isiyokuwa nao. Haki yake ilikuwa imefika imekamilika, safi kabisa, saa ambayo haikuwa na kazi. Angeweza kuishika na kuondoka nayo na asiwe amesema uongo hata kidogo.

"Usitumie hilo neno," alimwambia Mkwe. "Uliza kwa neno jingine."

"Agizo la mwanzo libaki?"

Fundi alimgusa kiwiko. Tusekile akakivuta pembeni.

"Libaki," Tusekile alisema. "Dada yangu alitaka ifungwe. Aliyeelewa vibaya ni mimi."

"Asante, shahidi. Una swali lingine?"

"Ndiyo. Akipata saa moja tu bila maumivu na bila dawa, hata dakika kumi, naweza kukuleta pale kitandani umuulize upya?"

"Karani hahami."

"Tutamleta kwa machela," fundi Ambokile alisema. Alikuwa ameketi kwenye benchi la foleni, mikono imening'inia katikati ya magoti. "Mimi mwenyewe nitabeba upande mmoja. Na pazia nitalivuta, ajue anazungumza na nini."

*

Alikuta wamebadilisha shuka. Daktari alikuwa ameagiza hewa ya kusaidia kupumua, na mrija ulipita chini ya pua ya Lugano ukamkunja sura kama mtu anayenusa maziwa yaliyochacha. Dozi mpya ilikuwa bado haijafika. Muuguzi alisema inakuja. Ilikuwa inakuja tangu saa kumi.

Tusekile hakukaa. Alikwenda akaomba maji ya moto jikoni kwa wapishi, akaambiwa wanafunga, akaomba tena, akaambiwa arudi kesho, akasimama hapohapo mlangoni mpaka mpishi mmoja akachoka kumtazama na kumjazia beseni. Alirudi nalo wodini likimwagikia miguu yake. Akachovya taulo, akalikamua, likamuunguza vidole, akashukuru kwamba limemuunguza.

"Umesema?" Lugano aliuliza.

"Nimesema."

"Nini?"

"Ulichosema."

Lugano alimtazama. Machozi yakaanza tena, ya mguu au ya baba hakuna aliyejua, yakapita juu ya ule mrija.

"Ndaga," alisema. Ahsante, kwa lugha ya nyumbani, lugha ambayo baba yao aliitumia akitaka maneno yafike.

"Usinishukuru," Tusekile alisema. Taulo lilikuwa linatoa mvuke mikononi mwake, na hasira zake zote zilikuwa bado zipo, hazijapata pa kwenda. "Leta mguu."